Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Nakumbuka alasiri moja ya joto, mwanangu, nimeketi katika maktaba ya chuo pale Homa Bay, macho yangu yako kwenye kioo cha kompyuta na akili yangu iko Uriri. Dirishani ziwa lilikuwa limetulia tuli, likimeremeta hadi usijue maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Feni ilizunguka juu ya kichwa changu kwa uchovu, kama iliyotaka kulala kabla yangu. Nilikuwa nimeandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, nikabonyeza, na kompyuta ikafikiri muda mrefu. Kisha ikaniambia kile kile ilichoniambia asubuhi, kwamba hakuna kilichopatikana.

Alasiri hiyo imenirudia kwa sababu ya ujumbe wako wa jana. Umeniandikia hivi: "Waya, nimeingia hifadhidata zote za chuo. Hakuna mtu ameandika kitu kuhusu utalii wa urithi huku kwetu. Nitasema tu hakuna utafiti, niendelee." Nilisoma nikacheka peke yangu jikoni. Nikasema, huyu kweli ni mtoto wa ndugu yangu, amerithi hadi uvivu wa shangazi yake. Usinune. Waya wako ni shangazi, ana haki ya kukutania, na leo nina jambo la kukueleza ambalo ningekuwa nimekueleza zamani. Ndani yake kuna jibu la ujumbe wako, na kuna jibu la lile swali lingine unaloniuliza tangu ukiwa mdogo: kwa nini wewe, msichana Mluo wa Uriri, uliitwa jina la Kikuria.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na likizo zikifika nilikwenda Homa Bay kusomea mambo ya utalii na urithi. Ulikuwa umezaliwa majuzi tu, mtoto wa kwanza wa kaka yangu Ouma. Na nyuma ya boma letu kilikuwapo kilima, na juu ya kilima lile gunda. Unalijua. Wewe umelikuta lina kibao na kinjia cha wageni, lakini sisi tulikua nalo likiwa gofu tu la kale, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, na mlango mfupi hivi kwamba hata mtoto wa shule hana budi kuinama. Mbuzi walilala humo. Wanawake walichuma dawa humo. Sisi watoto tulicheza kalongo humo, na mchana wa jua kali mawe yale yalipopoa upande wa kivuli, ungeweza kuegemea ukuta ukasinzia ukasikia watu wakizungumza chini chini, na ukifumbua macho hakuna mtu.

Dani, yaani nyanya yangu aliyenilea, alikuwa akilipenda gunda lile kuliko mtu yeyote. Alipanda pale kila alipokuwa na jambo zito moyoni. Nilipomuuliza anakwenda kufanya nini, alinijibu kwamba anakwenda kukaa na watu.

Basi mwaka huo mkandarasi wa barabara akaliona. Mawe ya bure, yameshavunjwa, yamepangwa vizuri yakingoja lori. Akaomba kibali kwa halmashauri. Afisa mmoja akaja kuangalia, mtu mpole, akamsikiliza Dani mpaka mwisho, kisha akafunga mwavuli wake na kusema, "Mama, mimi nakuamini. Lakini wakubwa hawataniamini na maneno ya mdomo. Mnitafutie kitu imeandikwa na wasomi, ionyeshe hii pahali inajulikana. Nitarudi. Nikikosa, hiyo kibali itatoka."

Watu wote wakageuka wakaniangalia mimi. Si ndiye msomi? Si ndiye anasoma utalii huko Homa Bay? Nikainua kidevu. Nilisema hiyo ni kazi ndogo.

Nikaenda maktabani, nikaketi mbele ya hifadhidata. Wewe leo unaifungua kwenye simu ukiwa kitandani. Sisi tulikuwa tunangoja zamu. Niliandika jina la kilima chetu jinsi sisi tunavyoliita, nikaongeza neno urithi kwa Kiingereza, nikabonyeza. Hakuna. Nikabonyeza tena, kana kwamba mashine ilikuwa haijasikia vizuri. Hakuna. Siku iliyofuata nikarudi na neno lile lile, na mtandao ulivyokuwa wa kusuasua, niliweza kulala usingizi mdogo kati ya swali na jibu.

Mkutubi wa pale aliitwa Bwana Oduor, kijana mwenye subira na shati lililopigwa pasi vizuri. Akasimama nyuma yangu.

"Madam, umepata?"

"Hakuna."

"Hakuna, ama hujapata? Hizo ni vitu mbili." Akainama kuangalia kioo. "Eh! Na hii mashine haijazaliwa Uriri. Unaiita na jina ya nyumbani, itakuitikia aje? Jaribu majina ingine."

Nikamwambia nitajaribu. Sikujaribu. Nilikuwa na joto, nilikuwa na njaa, na moyoni nilikuwa nimeshaanza kuandika ile sentensi yako, kwamba utafiti haupo. Ni sentensi tamu sana, mwanangu. Humfanya mtu ajione wa kwanza duniani.

Nikalaza kichwa juu ya meza. Feni ikazunguka, ziwa likameremeta, nami nikajiona niko kwenye mlango wa gunda. Ndani kulikuwa na mwanamke amenipa mgongo, amevaa shanga kiunoni na mkono wake uko juu ya jiwe. Nilimwita kwa majina yote ya nyumbani niliyoyajua, na hakugeuka. Hakuonekana kunikasirikia. Alikuwa ametulia tu, kama mtu anayesikia watu wengine wakiitwa. Niliamka nikiwa na alama ya ukingo wa meza shavuni, nikafunga mkoba, nikaenda nyumbani kwa ajili ya sherehe yako ya kupewa jina.

Sherehe gani! Ulikuwa unalia. Ulikuwa umelia tangu ulipozaliwa, kilio kisicho na homa wala tumbo. Kwenye zahanati walikupima wakasema mtoto ni mzima. Mama yako alikuwa amekonda kwa kukosa usingizi. Kaka yangu Ouma, mtu mrefu vile, nilimkuta ameketi chini na machozi machoni. "Dada," akaniambia, "huyu mtoto ananimaliza. Nimemkosea nini?"

Kwetu, mtoto akilia hivyo, wazee husema yupo aliyetangulia anayetaka kurudi kwa jina lake. Majina huitwa moja moja mbele ya mtoto, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Padri wetu alikuwa akijua desturi hiyo na akijifanya hajui. Basi Dani akaketi kwenye kigoda chake kando ya ukuta, penye kivuli, akakupakata. Upepo ulikuwa unatoka upande wa Awendo, umebeba harufu ya miwa inayochemshwa kiwandani, harufu nzito tamu inayofanya mchana wote uonekane kama ndoto ya mtu mwingine.

Mzee Odongo, mdogo wake babu wa mama mwingine, ndiye aliyeita. Alianza na wakubwa. Akamwita babu aliyelianzisha boma letu. Ukapandisha sauti. Akamwita nyanya aliyebatizwa wa kwanza. Ukapandisha zaidi. Akamwita shangazi yake aliyekuwa na ng'ombe wengi na mdomo mrefu, na hapo ulilia hadi ukabadilika rangi, watu wakacheka ijapokuwa walikuwa na huzuni. Akaita, akaita, mpaka wakubwa wakaisha, akaanza wa kati, nao wakaisha. Akapangusa jasho. "Wamekwisha," akasema. "Hakuna tena."

Dani alikuwa akikupapasa mgongo muda wote. Sasa akasema, bila kumwangalia mtu, "Yuko mmoja. Mimi namwona kwa ndoto, amesimama kwenye mlango wa gunda. Hakuna mtu anamwita."

"Nani?" akauliza Mzee Odongo.

"Mama yako."

Mzee Odongo akaegemea fimbo yake. Mama yake watu wote walimjua kwa jina moja tu, Min Odongo, mama yake Odongo, kama desturi yetu ya kumwita mwanamke kwa mtoto wake. Alikuwa ametoka upande wa Wakuria. Mume wake alikutana na jamaa zake kwenye soko la mifugo la Ogwedhi, akarudi na fahali mmoja na ahadi ya bibi arusi. Aliishi nasi vizuri, akamfunza Dani kusaga wimbi bila kuimba juu sana. Lakini baadaye ng'ombe wakaibwa kutoka kwetu kwenda kwao na kutoka kwao kuja kwetu, watu wakauawa pande zote mbili, na hakuna mtu nyumbani aliyetaka kukumbuka kwamba mama huyo alikuwa na jina lake mwenyewe na kwao kwenyewe. Dani ndiye aliyelihifadhi, kwa sababu waliambiana majina yao mawe ya kusagia yakiwa katikati yao.

Akainamisha mdomo kwenye sikio lako. "Boke," akasema.

Ukanyamaza.

Ukanyamaza, mwanangu, hivyo tu. Ukamtazama Dani, ukapiga mwayo mkubwa, ukalala. Nilisikia kuku wakiparua nyuma ya jiko. Kaka yangu akafunika uso kwa mikono yake. Mzee Odongo alibaki amesimama, fimbo mkononi, halafu akatamka jina la mama yake polepole kama anayejifunza kusoma, kisha akaenda nyuma ya nyumba na kukaa huko kitambo.

Na mimi, katikati ya utulivu ule, nikashtuka. Maneno ya Bwana Oduor yalinirudia yote. Mimi nilikuwa nimeita jina moja tu, lile tulilolipenda sisi, halafu nikaketi kushangaa kwa nini mtoto analia!

Kabla ya kurudi Homa Bay nilizunguka kwa wazee nikiokota majina. Kilima chetu kiliitwaje zamani? Na kijito kilicho chini yake? Dani akanipa jina la kijito alilolisikia kwa mama yake Odongo walipokuwa wakisaga. Mwingine akanikumbusha kwamba hatukuwa wilaya ya Migori siku zote. Tulikuwa Nyanza Kusini, na kabla ya hapo wakoloni walituita Kavirondo. Jina hilo babu yangu alilitemea mate. Alisema ni matusi waliyotubandika wageni. Ningekuwa bado yule msichana wa wiki iliyotangulia, nisingeliandika hata kwa dawa.

Nikaketi mbele ya kioo nikaita. Nikaandika ohinga, yaani ngome kwa lugha yetu, nikaandika gunda, nikaandika maboma ya mawe kwa Kiingereza, kwa wingi na kwa umoja. Nikaandika Kuria kwa U, kisha kwa O kama walivyokuwa wakikosea watu wa zamani, kisha kwa Y kama wanavyoandika upande wa Tanzania. Bwana Oduor alinionyesha kwamba makala yenyewe huwekewa maneno ya mada pale chini ya kichwa chake, nami niyachukue hayo nikayatafute tena, na kwamba mwisho wa kila makala kuna orodha ya waliotangulia kuandika, ambayo wanafunzi huiruka kama matangazo ya redio. Vitu vikaanza kufunguka. Si vingi, lakini vilifunguka. Hatimaye nikapiga moyo konde nikaandika Kavirondo pamoja na lile jina la kijito lililotoka kwa mama yake Odongo.

Ikaja makala moja ya zamani, kurasa zilizopigwa picha zikiwa zimepinda. Ndani yake mgeni mmoja alikuwa ameeleza kilima juu ya kijito kile, kuta zisizo na udongo, mlango wa kuinama. Nilijiona nimesimama pale, mkono juu ya jiwe. Nililia maktabani, sioni haya kukwambia.

Kisha nikasoma mistari iliyofuata. Wenyeji wa wakati huo, Waluo, walikuwa wamemwambia mgeni kwamba kuta zile babu zao walizikuta zimesimama. Zilijengwa na watu waliokuwa pale kabla yao, ambao baadaye walihamia upande wa mashariki na kusini. Upande wa Wakuria.

Niliirudia mistari ile. Nilikuwa nimewaambia watu wote kwamba ni mawe ya babu zetu. Wazee walikuwa tayari kulala mbele ya lori kwa ajili ya mawe ya babu zao; je, wangelala mbele ya lori kwa ajili ya mawe ya watu waliotuulia watoto nasi tukawaulia wao? Nikapata akili moja ya haraka. Nitoe nakala ya ukurasa wa kwanza tu. Hakuna atakayejua.

Nilimwambia Dani mpango huo jioni, jua likishuka, wewe ukiwa umelala mapajani mwake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti, na ndiyo sababu maneno yake hayajanitoka.

"Nyakwara," akaniambia, kama alivyozoea kuniita mjukuu wake, "juzi huyu mtoto amenyamaza na jina ya Boke. Wewe ulikuwa hapo. Mbona hukusema tumwamshe alie tena, mpaka anyamaze na jina ile tunapenda?"

Nilikuangalia ukipumua, kinywa wazi, nikaona haya hadi masikio yakawaka moto.

Siku afisa aliporudi, tulikutana juu ya kilima asubuhi, ukungu bado uko kwenye nyasi na lori la mkandarasi limeegeshwa chini tayari. Nilisoma kurasa zote mbili. Nilisoma Kiingereza, kisha Kiswahili, kisha Dholuo, na nilipofika kwenye wale waliohamia mashariki, manung'uniko yalianza. Sauti moja ikasema, "Kumbe si yetu! Basi ichukuliwe, tupate barabara." Nyingine ikaitikia. Afisa alikuwa akiangalia viatu vyake. Nilijua nimeyapoteza mawe kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mzee Odongo ndiye aliyesonga mbele, yeye ambaye miaka yote hakumtaja mama yake. Alikuchukua kutoka kwa Dani, akakubeba kifuani, akainama na kuingia kwenye mlango ule mfupi. Akageukia watu akiwa ndani. "Huyu anaitwa Boke," akasema. "Na mama yangu alikuwa Boke. Hii ni nyumba ya watu yake. Mwenye anataka kubomoa nyumba ya mama yangu, akuje anipitie hapa."

Hakuna aliyekwenda. Wewe ulikuwa ukichezea ndevu zake.

Afisa akazipokea kurasa zote mbili, akasema hizo ndizo alizozihitaji, na lori likateremka tupu. Baadaye tulituma habari Ogwedhi siku ya soko. Wakaja wazee wa Kikuria, pamoja na mwanamke mmoja mzee sana, aliyeshika jiwe la juu ya mlango na kulitaja jina la kijito kabla hatujamwambia. Leo mgeni akija kutembelea gunda, hupokewa na mtu wa kwetu na mtu wa kwao, na hubishana mbele yake nani alijenga ukuta upi. Wageni hupenda mabishano hayo kuliko mawe yenyewe.

Kwa hiyo, mwanangu, futa ile sentensi. Usiandike hakuna mpaka umeita majina yote: jina la nyumbani, jina la jirani, jina la serikali ya sasa na ya zamani, jina lililoandikwa vibaya, na hasa jina ambalo babu yako alilitemea mate. Mashine ile ni hodari, ila haikuulizi ulimaanisha nini. Hukaa kimya tu, nawe ukadhani hakuna kitu. Zungumza na mkutubi wako, naye ni mtu anayetaka kuulizwa. Soma mpaka orodha ya mwisho. Na yale yasiyoandikwa, nenda ukayaulize kwa miguu, kwetu na Ogwedhi pia, na umtaje aliyekupa, kwa jina lake mwenyewe, si kwa la mtoto wake. Ukipata jambo lisilokupendeza, liandike kama lilivyo. Wapo watakaolala mbele ya lori kwa ajili ya ukweli, ingawa huwezi kujua mapema ni nani.

Dani alishalala usingizi wa mwisho, na Mzee Odongo pia. Siku hizi ndotoni naona watu watatu mlangoni pa gunda, na yule wa kati, mwenye shanga kiunoni, amegeuka, nimeuona uso wake. Ni uso wako, Boke.

Mungu akupe macho yasiyochoka na moyo usioogopa jibu. Njia za Uriri na za Ogwedhi zote zikufahamu kama mtoto wa nyumbani. Na kila jina utakaloita kwa heshima, mwanangu, likugeukie na kukuitikia.